Saa ya Uwanjani Haiendi

Wendell Haskett, fundi wa kuchomelea vyuma huko Ohio, aliapa maisha yake yote kwamba soka ni mchezo wa watoto wa chekechea. Mpira wa wanaume ulikuwa ule wa kuvaa helmeti na kuvunjana mbavu.

Alipopasuliwa goti, bintiye Brenna akamletea mchezo wa video wa soka, wa kucheza kwenye runinga. Siku ya kwanza mzee alinuna. Theluji ilipoyeyuka, alikuwa anajua kuotea ni nini, na anamfokea refa wa kwenye kioo kama shemeji mkorofi.

Ndipo Brenna akampeleka uwanjani. Wendell alishangilia mpaka sauti ikamkauka, kisha akatazama saa kubwa na kuruka.

"Saa yao mbovu! Ndiyo kwanza dakika ya kumi! Nyumbani mechi ingekuwa imeshakwisha!"

Brenna akaangua kicheko. "Baba, saa ya ule mchezo wa runinga inakimbizwa. Hapa dakika ni dakika kweli."

"Yaani zimebaki themanini nzima?"

"Nzima, Baba."

Wendell akaketi taratibu, uso ukimeremeta.

"Kumbe siku zote hizo ulikuwa unanipunja!"