Mama Alipokatazwa Kumsemesha Editha

Darasa lilinuka chaki na nguo zilizonyeshewa njiani. Ilikuwa siku ya kuandikisha watoto wa darasa la kwanza, kwetu Murusagamba, na mdogo wangu Editha alisimama mbele ya meza ya Mwalimu Zakaria huku mkojo unamtiririka miguuni. "Unaitwa nani?" Mwalimu aliuliza tena. Editha akamtazama tu mdomo. "Mama yako hakukupa jina, au alikupa ukalila?" Wazazi kwenye foleni wakacheka. Mama akajifunika kanga usoni. "Mama Sesilia," Mwalimu akasema, "huyu ni bubu. Mrudishe akachunge mbuzi." Sesilia ndiye mimi. Nilikuwa dirishani na wenzangu wa darasa la nne, na aibu iliyonipanda siku ile haijashuka mpaka leo nina mjukuu.

Editha hakuwa bubu. Hospitali walimpima baadaye, wakasema masikio mazima, ulimi mzima. Alichokosa ni maneno, na aliyeyakataza ni Zakaria huyohuyo.

Mimi nilipokuwa mdogo Mama alikuwa hanyamazi. Akimenya ndizi alinisemesha kwa Kihangaza chetu: hii nono ya baba yako, hii iliyopinda ya bibi asiye na meno, na hii je, tumpe nani? Nilijibu kwa sauti za kitoto zisizo na maana, naye akanijibu kama vile nimesema jambo kubwa. Ndivyo nilivyojua kusema. Kisha, Editha akiwa bado ananyonya, Mwalimu akaitisha kikao cha wazazi, akawaambia wanawaharibu watoto kwa kilugha, kwamba mama anayempenda mwanawe amsemeshe Kiswahili tangu titi, la sivyo shuleni atafeli. Baba alirudi akasema mwalimu amesoma, sisi ni nani tubishe. Naye Barnaba, mwenyekiti wa kitongoji, akawa anapita nyuma ya nyumba kusikiliza. Akisikia Kihangaza anakohoa, halafu anaita, "Mama Sesilia, mtoto unamtakia ujinga?"

Sasa Kiswahili cha Mama kilikuwa cha sokoni na zahanati tu. Njoo. Kaa. Kula. Nyamaza. Hicho ndicho alichompa Editha. Kiswahili cha kumwambia mtoto ndizi hii ni ya nani hakuwa nacho, na Kihangaza amekatazwa, basi akamenya kimya. Nakumbuka sauti ya kisu kwenye maganda jioni nzima, na Editha mgongoni kakodoa macho. Nikimsemesha mimi, Mama ananigeukia kwa woga: "Nyamaza." Hakukosa upendo. Alitii.

Mwaka uleule Editha alipokataliwa shule, mimi nilitolewa darasani nimchunge. Editha alikuja kusema, lakini maneno yalichelewa, na mengine hayakufika kabisa. Siku hizi tuko Lusahunga, tunawapikia madereva wa malori. Wakimuuliza kuna chakula gani, anaonyesha sufuria kwa kidole. "Mama, huyu dada vipi?" wananiuliza, nami naona haya, ninapakua wali.

Juzi nilimpeleka mjukuu kliniki. Kuna binti pale anawafundisha akina mama, hasa sisi tusio na kitu, maana anachofundisha hakihitaji kununuliwa. "Msemeshe mtoto ukipika, ukifua, hata kama hajui kujibu. Tumia lugha uliyoizoea, halafu mwache naye ajibu kwa namna yake." Mmoja akadakia, "Nikiongea na mtoto mchanga, mama mkwe si atasema nimerukwa akili?" Wakacheka wote. Mimi nilishindwa kucheka. Binti alikuwa anafundisha kile alichokuwa akifanya Mama bila kufundishwa na mtu. Na Mama alikufa akiamini kosa lilitoka tumboni mwake.

Barnaba kafa, Baba kafa. Zakaria yupo. Amestaafu, na nikienda nyumbani Murusagamba namkuta Jumapili kanisani, benchi la mbele, watu wanampa shikamoo, na mimi nimempa, naye ameitikia marahaba bila hata kunikumbuka. Simtaki aje kuniomba radhi kwangu mlango ukiwa umefungwa. Namtaka kliniki, siku ya akina mama, asimame mbele yao kama Editha alivyosimama mbele yake. Nitamkalisha Editha karibu, amwone mdomo vizuri. Safari hii ninayeuliza ni mimi: Mwalimu, nani alimnyamazisha mama yetu? Ujibu, na ujibu kwa sauti.