Daraja la Limbu na kimbunga cha kusingiziwa

Saa moja kasoro robo asubuhi Salvatory Limbu yuko chini ya daraja la reli, si juu yake. Amechuchumaa kwenye mchanga wa korongo, shingo ameikunja, anagongagonga magogo kwa nyundo na kusikiliza. Gogo la tatu kutoka kushoto analigonga mara mbili, anasita, analigonga tena.

“Hili limeanza kuoza,” anasema. “Jumatano halikuwa hivi.”

Baada ya dakika ishirini treni ya abiria itapita juu ya magogo hayo na watu zaidi ya mia saba. Watakuwa wanapiga mswaki dirishani, wanawavalisha watoto viatu, wanatafuta mizigo yao. Hakuna atakayejua kwamba kinachomshikilia hapo ni magogo, viroba vya mchanga na macho ya mtu mmoja.

Limbu, mwenye umri wa miaka 56, ni mkagua njia. Kila siku anatembea kilomita kumi na moja kwenye tuta la reli wilayani Maswa, mkoani Simiyu, akiwa na nyundo, spana kubwa, bendera mbili na mtaimbo begani. Bolti iliyolegea anaikaza. Taruma lililopasuka chini ya reli analiandika. Amefanya kazi hiyo miaka ishirini na mitatu, kwa mkataba unaoandikwa upya kila Desemba.

Anapanda juu ya tuta. Treni inatokea, inapiga honi, inapunguza mwendo mpaka mtoto angeweza kukimbia na kuipita. Limbu anakunjua bendera ya kijani, lakini hamtazami dereva. Anatazama magogo. Behewa la mwisho linapovuka ndipo anapovuta pumzi.

“Mwaka na nusu navuta pumzi hivi,” anasema. “Mara nne kwa wiki. Halafu wananiambia ni kimbunga.”

Akishalitamka neno hilo anatema mate pembeni.

Mei mwaka jana kimbunga kilivuma kutoka baharini, na treni za abiria zikazuiliwa siku nne huko pwani. Hilo halina lawama. Maji yakiwa juu ya reli, treni haiendi. Lakini Maswa iko mbali na bahari, tena mbali sana. Huku ilinyesha mvua ya siku moja na nusu, ambayo wakulima wa pamba waliichukia kwa sababu pamba ilikuwa imeshaanza kupasuka shambani. Upepo haukung’oa hata bati moja la stesheni.

Sasa mwandishi huyu angependa kuelezwa: kimbunga gani kinaruka mikoa yote ya katikati, kinaacha vibanda vya nyasi vimesimama, kisha kinakuja kuvunja daraja moja la mita nne lililojengwa kwa mawe?

Asubuhi baada ya mvua hiyo Limbu alifika darajani saa mbili. Ukuta wa upande mmoja ulikuwa umetitia kiasi cha shubiri mbili, na reli ilikuwa inaning’inia juu ya maji. Alimpigia simu stesheni masta. Akajibiwa kwamba treni ya kwanza kuruhusiwa tangu kimbunga ilikuwa imeshaondoka stesheni ya nyuma, na ilikuwa inakuja kutokea ng’ambo ya korongo.

Alivua viatu akavuka, maji yakimfika kiunoni. Akakimbia kuikabili treni. Akatega reli kwa fataki tatu, zile zinazolipuka zikikanyagwa na gurudumu ili dereva ashtuke, kisha akasimama katikati ya njia na bendera nyekundu. Treni ilisimama mita mia mbili hivi kabla ya daraja.

Hakuna aliyempigia makofi.

“Mimi nilimtukana,” anasema Generoza Kasmiri, fundi cherehani wa Somanda mjini Bariadi, ambaye alikuwa ndani ya treni hiyo akimrudisha mama yake kutoka kwenye matibabu Dar es Salaam. “Tulikuwa safarini siku ya sita. Mama mguu umevimba, maji ya kunywa yameisha, choo hakiingiliki. Halafu paa la stesheni yetu ya kushukia tunaliona kwa macho! Kilomita tatu tu. Mtu amesimama na kitambaa chake chekundu anatwambia hakuna kwenda. Nilimwita mchawi.”

Abiria waliteremka, wakavuka korongo wakiwa wameshikana mikono na mizigo kichwani. Mama yake Generoza hakuweza kutembea. Alivushwa kwenye mkokoteni wa ng’ombe uliovutwa na maksai wanne wa mfugaji mmoja wa hapo, Mayala. Maksai hao walikwenda na kurudi mara kumi na tisa mpaka jioni.

“Nikamwona yule mchawi wangu anasukuma mkokoteni kwa nyuma, amelowa mpaka kifuani,” anasema Generoza. “Nikaona aibu. Lakini sikumwomba radhi. Nilichoka.”

Hapo ndipo simulizi hii ingeweza kuishia, shujaa akapigwa picha na bendera yake. Limbu hataki.

Nilimuuliza kwa nini ukuta ulititia. Akaushusha mtaimbo kutoka begani akaulaza kwenye kokoto.

“Huu,” alisema. “Huu ndio kimbunga chenyewe.”

Njia ya ng’ombe kwenda malamboni inaikata reli mahali hapo, na iliikata kabla reli haijajengwa. Mayala, ambaye ni kaka wa mke wa Limbu, alipoteza ng’ombe tisa kwa kugongwa na treni ndani ya miaka mitatu. Ng’ombe akigongwa, mwenye ng’ombe halipwi. Ndiye anayeulizwa ng’ombe wake alifuata nini relini. Limbu aliandika barua mbili kuomba kivuko cha mifugo. Hazikujibiwa.

Akatumia akili yake. Akamwambia shemeji yake apitishe ng’ombe chini ya daraja wakati wa kiangazi, korongo likiwa kavu.

“Nilifurahi sana,” anasema Mayala, mzee mwembamba anayempokea mgeni kwa “mwangaluka”, salamu ya asubuhi, hata kama saa sita imeshapita. “Ila chini pale palikuwa na sakafu ya mawe, laini. Ng’ombe wanateleza. Ndama wangu mmoja alivunjika mguu. Nikamwendea shemeji, nikamwambia, baba, mawe haya yanawasumbua mayu zetu.”

Mayu ni mama. Ndivyo Mayala anavyowaita ng’ombe wake wanaokamuliwa.

Mtu mwingine angekataa. Limbu ni mtoto wa wafugaji, amelelewa kwa maziwa ya ng’ombe, na alishaokota vipande vya ng’ombe relini mara tisa kwa mikono yake. Akamwazima Mayala mtaimbo wa kazi. Vijana wa Mayala wakang’oa sakafu yote kwa siku moja, wakachimba na chini kidogo ili maksai wenye pembe ndefu wapite bila kuinamisha vichwa.

Sakafu ile ilikuwa imewekwa ili maji yasichimbe msingi wa ukuta. Limbu anasema hakulijua hilo. Yeye alifundishwa reli, mataruma na bolti. Madaraja yana watu wao, na watu hao hakuwa amewaona huko kwa miaka minne.

Mvua ya kwanza ilipochimba shimo karibu na ukuta, alishtuka. Akaandika ripoti, akaomba sakafu irudishwe. Akaandika ya pili Januari, ya tatu Machi. Nakala zote tatu anazo, zimekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kadi yake ya ubatizo.

Baada ya daraja kutitia alikuja mtaalamu mmoja kwa gari, akakaa dakika arobaini. Limbu anasema alimsimulia yote, hata mtaimbo alimwonyesha. Yule bwana alimsikiliza, akamgonga bega.

“Akaniambia, mzee, haya usiyaseme sana, utajiharibia. Tutaandika kimbunga. Kimbunga ni kazi ya Mungu, hakuna wa kuulizwa.”

Ripoti ikatoka, ukurasa mmoja. Kwenye simu yake Limbu amehifadhi picha ya mstari unaomnyima usingizi: uharibifu umesababishwa na kimbunga, hatua za dharura zimechukuliwa. Hatua zenyewe ni magogo, viroba vya mchanga na amri ya treni kupita kwa mwendo wa kutambaa. Faili likafungwa.

Hapa ndipo damu inapochemka, na si ya Limbu peke yake. Likiandikwa kimbunga, hakuna aliyekosea, na kama hakuna aliyekosea hakuna cha kurekebisha. Kwa mujibu wa ukurasa huo, barua za kivuko hazikuwahi kuandikwa. Ripoti tatu hazikuwahi kufika. Ng’ombe hawapo. Watu mia saba wanapitishwa juu ya gogo linalooza, na mwenye ofisi yake amelala fofofo kwa sababu upepo wa baharini umembebea mzigo wake. Ni uvivu uliovaa tai.

Na ng’ombe wapo! Kila kiangazi wanapita palepale, kati ya magogo, kwa sababu juu wanagongwa na kivuko hakijajengwa. Siku niliyokuwapo nilimwona fahali mweusi akijikuna ubavu kwenye gogo la tatu kutoka kushoto.

“Nimewazuia, wanakuja nikiwa mbele kilomita tano,” anasema Limbu. “Nimlaumu nani? Mimi ndiye niliyewafungulia njia.”

Sasa ni Oktoba. Mvua zinatarajiwa kuanza Novemba. Limbu anakadiria kwamba korongo likijaa mara mbili, viroba vitaondoka na magogo yatafuata.

“Mwaka jana nililikuta daraja limetitia saa mbili asubuhi. Je, likitoka dakika tano baada ya mimi kupita? Nikiwa kilomita nane mbele nakaza bolti? Hao watu watakuwa wameuawa na kimbunga gani?” Sauti inampanda. “Waandike ni Limbu! Waandike ni Mayala, waandike ni wao. Halafu waje wajenge.”

Nyumbani kwake Nyalikungu, mjini Maswa, hasira ni ya namna nyingine. Mkewe Milembe anapepeta mchele uani huku akizungumza, na ungo unaongea zaidi yake.

“Watu wote wamekubali ni kimbunga, yeye peke yake anakwenda kujishitaki,” anasema. “Mkataba unaisha Desemba. Baba Monika, nani atakuandikia mwingine ukishajiita mharibifu wa daraja? Na kaka yangu je, wakimfunga?”

Limbu hamjibu kwa ukali. “Mama Monika, Monika hupanda treni ile ile akitoka chuo.”

Ungo unasimama. Milembe anatupa chuya pembeni, kisha anaendelea kupepeta.

Limbu ameandika maelezo yake kwa mkono, kurasa nne za daftari. Ukurasa wa kwanza unaanza hivi: “Mimi ndiye niliyetoa mtaimbo.” Ndani ameeleza siku ya kung’oa sakafu, ametaja barua mbili na ripoti tatu kwa tarehe zake, na amechora daraja jipya lenye matundu mawili, moja la maji na jingine la ng’ombe. Mchoro si mzuri. Ng’ombe aliyemchora anafanana na mbuzi, na mwenyewe anacheka akiuonyesha, mara ya kwanza kucheka siku hiyo.

Mwishoni pana dole gumba la Mayala, kwa wino wa bluu. Nilimuuliza mzee huyo kama anaelewa kwamba anaweza kushitakiwa.

“Naelewa,” alisema. “Lakini yule mama wa mguu nilimpakia kwenye mkokoteni mimi mwenyewe. Aliniambia asante, baba. Na shimo nilichimba mimi.”

Chini ya dole hilo pameongezwa jina jingine. Generoza alimtafuta Limbu mwezi uliopita kumwomba radhi, akasomewa kurasa nne, akaomba kalamu. Amejiandika: abiria.

Jumatatu Limbu ataomba ruhusa ya siku moja, apande basi la asubuhi kwenda Bariadi. Anataka kurasa hizo zigongwe muhuri wa kupokelewa katika ofisi za mkoa, na nakala aipeleke kwa wenye reli. Hapohapo atamfikia Generoza, waende pamoja. Anataka jibu kabla ya tone la kwanza la Novemba.

Amenyoosha suruali yake ya kanisani. Pamoja na karatasi atabeba na mtaimbo, ingawa Milembe amemwambia kondakta atamshusha njiani kwa kudhani ni jambazi.

“Nitaushikilia mapajani mpaka Bariadi,” anasema Limbu. “Wakiniuliza ni nani alivunja daraja, nitauweka mezani kwao. Halafu nitawaomba na wao waweke kimbunga chao.”