Zaka ya Fundi Miavuli

Fundi Zuber wa Tukuyu alikuwa na mali ambayo hakuna aliyepata kuiona. Ramadhani ile alitaka ionekane mara moja tu, katika daftari la zaka la msikitini.

Kazi yake ni kutengeneza miavuli nyuma ya soko, chini ya bati lililoegemezwa ukutani. Babu yake alikuja kutoka Kilwa na cherehani. Mjukuu amebaki na sindano. Mwaka 2021 mkewe alifariki, na Zuber akaliuza shamba lao la migomba la Kyimo, akanunua bitkoini, sarafu isiyoshikika, inayokaa kwenye simu. Hakununua kwa pupa. Alisoma miezi minane, akafikia uamuzi kwamba haitauzwa hadi mwaka 2040, fedha za makaratasi zitakapokuwa zimechoka kabisa.

Alianzisha kundi la WhatsApp, Watu wa 2040. Walikuwa kumi na mmoja, naye akiwemo. Kila asubuhi aliwasalimu na kuwakumbusha kwamba anayeuza leo hakuelewa alichonunua. Bei iliposhuka walijitoa watatu, akawasamehe. Ilipopanda walijitoa sita, huyu kapata pikipiki, yule ng'ombe wa maziwa, na hao ndio waliomuuma. Akabaki na Lilian, mkulima wa chai wa Nkunga, ambaye haandiki neno lakini husoma kila kitu.

Sasa thamani ya sarafu zake ilikuwa imepita kiwango cha kutoa zaka. Zuber alipiga hesabu ya moja ya arobaini, na kwa kuwa hakutaka kugusa sarafu, alikusanya fedha hiyo kutoka kwenye miavuli, akifuturu ndizi za kuchemsha siku kumi na nane mfululizo. Baada ya alasiri akaitia kwenye bahasha, akaipeleka kwa Mwalimu Mudathiri, mtunza daftari.

Mwalimu aliitazama bahasha, akalitazama koti la Zuber lililochanika kwapani. Akafungua upande wa pili wa daftari, ule wa wanaopokea. Jina la Zuber lilikuwa la saba. Kilo kumi za mchele.

"Nani kaniandika?"

"Mimi. Majirani walinijia, wanasema jikoni kwako hakupikwi ila ndizi."

Zuber akatoa simu, akamwonyesha tarakimu. Mwalimu akavaa miwani, akasoma pole pole, akairudisha. Akasema tarakimu hata yeye anaweza kuandika. Kama ni mali, auze kiasi cha zaka yake, ailete kutoka humo. La sivyo, amlete mtu mmoja anayeijua mali hiyo.

"Haiuzwi mpaka 2040, Mwalimu."

"Utakuwa na umri gani?"

"Sitini na tisa."

"Na nani atakuwa nawe wakati huo?"

Zuber alichukua bahasha yake, akatoka nje. Alisimama barazani, mvua ikimrukia miguuni, akampigia Lilian. Hakuna aliyewahi kusikia sauti ya mwenzake. Akamweleza shida yake, hata koti lililomponza: aje tu Tukuyu, aseme kwamba bitkoini ni mali na Zuber anayo.

"Nitakuja, fundi. Ila nisikudanganye. Mimi niliuza mwaka juzi. Nikaezeka nyumba."

"Mbona hukujitoa kundini?"

"Niliona utabaki unaongea peke yako."

Akamwambia asijisumbue kuja. Hakumkasirikia. Alikaa kwenye ngazi za msikiti, akizipitia salamu zake za asubuhi, mamia, zote zimesomwa na mtu aliyezisoma kwa huruma. Kisha akafanya jambo ambalo kwa miaka minne aliwakataza wengine: akampigia mnunuzi mmoja wa sarafu hizo aliyeko Mbeya, akauza moja ya arobaini. Alidhani atahisi kama anakatwa kiungo. Tarakimu ilipungua kidogo tu, na simu ikalia kuonyesha fedha imeingia.

Akatoa fedha hiyo kwa wakala wa jirani, akamrudia Mwalimu. Mwalimu akahesabu, akaandika jina lake upande wa watoaji, akalikata kule kwingine.

"Mchele nitampa mwingine, unajua?"

"Najua."

"Mungu akukubalie, Zuber." Akampa mkono, akaushikilia kwa muda. Zuber alikuwa ameshasahau mkono wa mtu unavyokuwa na joto.

Nyumbani alifuturu ndizi. Kisha akaandika kundini kwamba ameuza kidogo, kwa ajili ya zaka. Jibu la kwanza la Lilian tangu kundi lianze likaingia: "Hongera, fundi. Sasa uza ya koti."

Akaweka sahani chini, akaanza kumwandikia ujumbe mrefu kueleza kwa nini iliyobaki haiuzwi, na dunia itakavyokuwa mwaka 2040.