Ua la Katikati

Milio ya bunduki ikisikika usiku upande wa milimani, asubuhi yake nilipofika kazini niliagiza wanga wa muhogo uchemshwe kwenye sufuria kubwa badala ya ndogo. Hakuna aliyenituma. Nilishajua tu kwamba jua halitapanda sana kabla watu hawajafika getini, macho mekundu, wakiulizia maua. Na wanga nilioagiza haukubaki hata siku moja.

Tulikuwa tunatengeneza maua ya kitambaa. Kazi ilianzia kwenye baraza ya nyuma ya duka la mama mmoja wa ukoo wa Kiomani, watu waliouza vitambaa Bujumbura tangu enzi za babu zao. Sote tulimwita Hajati. Tulikuwa wanawake wachache tukishona maua ya harusi: ya kichwani mwa bibi harusi, ya kifuani mwa bwana harusi, ya kupamba magari. Kitambaa unakichovya kwenye wanga, unakianika mpaka kikakamae, unakata petali, kisha unazikunja moja moja kwa mgongo wa kijiko kilichopashwa moto kwenye makaa. Kijiko kikizidi moto, petali inaungua na wewe unanuka kuungua mpaka jioni. Mimi nilikuwa na mkono mzuri na mdomo mbaya, na kwa sifa hizo mbili nikafanywa shefu, yaani msimamizi wa wenzangu.

Vita ikaingia, na baadaye ambargo. Nchi jirani zilipotufungia mipaka, maua ya plastiki yaliyokuwa yakitoka Dubai yakaadimika. Harusi zikapungua. Maziko hayakupungua, na watu wakaanza kuja kwa Hajati kuuliza kama tunaweza kutengeneza jerbe, yale mashada ya kupeleka kaburini. Hajati alisita sana.

"Siye kwetu hatuweke maua, tunasoma dua," aliniambia. "Lakini mutu akitaka kuaga ndugu yake na ua, mi nani nimukataze?"

Haukupita muda tukahama barazani, tukakodi banda kubwa Cibitoke. Tukawa na meza ndefu, majiko ya makaa yamepangwa mstari, na wafanyakazi waliotoka mitaa ambayo nje ya geti watu wake hawakuwa wakikanyagiana vizingiti. Ndani hatukuulizana nani ni nani. Tuliulizana mkasi uko wapi na nani kamaliza waya. Nilijivunia hilo. Nilijivunia pia mshahara uliotoka kwa wakati, huku majirani zangu walimu wakingoja wao. Nikanunua makochi mekundu, ya kwanza katika ukoo wetu, na nilipokuwa peke yangu nyumbani nilikaa chini kwenye mkeka, nikiyaegemea tu. Nilijua yametoka wapi, na aibu ile haikunizuia kuagiza na meza yake.

Jerbe yetu haikuwa na tundu katikati. Pale katikati tuliweka ua moja kubwa, tukaliita jicho. Siku mwenzetu mmoja alipofiwa na kaka yake, tuliamua kila mtu amtengenezee ua moja, na jicho tukamwachia yeye mwenyewe. Alilitengeneza huku analia, akalimaliza, akasema kifua kimemwachia kidogo. Hajati alikuwepo, akaona. Baada ya hapo akawa anawaambia wateja kwamba, wakipenda, mfiwa anaweza kuja kukaa mezani nasi na kutengeneza jicho kwa mkono wake. Mji ukasikia. Watu wakapita milango ya wengine kuja kwetu, na kanisani mtu akiiona jerbe yetu alijua kwamba lile ua la katikati ni mkono wa mwenye msiba, kwamba amekubali na ameaga. Upole wetu ukageuka biashara, tena biashara nzuri, na mimi ndiye niliyewafundisha wajane kushika kijiko.

Jirani yangu mezani alikuwa mama mmoja wa Gasenyi, mdogo kwangu kidogo, aliyeniita dada. Alikuwa mtani, na hakuna aliyemshinda kwa waridi. Alipaka ukingo wa petali rangi kidogo sana, ikaenea yenyewe, ua likaonekana kama limetoka kunyeshewa. Mumewe alikuwa akichukua ndagala, wale dagaa wa ziwani, kule Kajaga alfajiri na kuzizungusha kwa baiskeli mitaa ya kaskazini. Asubuhi moja alikwenda Kajaga, hakurudi. Baiskeli ilipatikana kando ya njia, kikapu kimefungwa vizuri nyuma. Wengine walisema amechukuliwa kubeba mizigo ya wapiganaji, wengine walisema neno jingine na kushusha sauti.

"Apana mutu mwenye aliniletea mwili," alikuwa akisema. "Waliniletea kinga tu." Kinga ni baiskeli. Aliiweka sebuleni, na kila Jumapili aliifuta vumbi na kuipiga pampu magurudumu, ili mwenyewe akirudi aikute tayari.

Mwaka ulipotimia, mama mkwe wake akataka waganduke. Kuganduka ni kuanua matanga: mnasali, mnakunywa pamoja, vitu vya marehemu vinagawanywa, na kuanzia hapo anahesabiwa kuwa amekwenda. Yule bibi hakuwa mkorofi. Alikuwa mgonjwa, amevimba miguu, na aliishi nyumba moja na mkwe wake. Nilimsikia kwa masikio yangu siku nilipokwenda kumwona. "Mi sitaki kukufa na kilio mu nyumba," alisema. "Muniondolee hii kilio, nilale."

Siku chache kabla ya sherehe, mwenzangu alinivuta nyuma ya banda, mahali tulipoanika vitambaa.

"Dada, ile jerbe mutaitengeneza, juu ya yule mama," alisema. "Maua yote mutie. Lakini jicho muache. Wakiona nafasi iko wazi, watajua mi bado nangoja. Kumuambia na kinywa siwezi, nitamuua."

"Na kama watauliza?"

"Waulize. Mi siko mujane, dada. Siku nitajua niko mujane, nitalitengeneza."

Nikamwambia sawa. Nililisema kwa moyo mmoja, naapa.

Asubuhi ya sherehe nilikuwa peke yangu bandani na jerbe mezani. Kila mmoja wetu alikuwa ametia ua lake, na ilikuwa jerbe nzuri kuliko zote tulizowahi kutoa, isipokuwa lile tundu katikati, waya zimechomoza. Nikaigeuza ukutani. Nikairudisha. Tundu lile lilinikera kama pengo la jino, ulimi hauachi kulirudia. Nikawaza watu watakaokuja, wateja wetu wengi wakiwemo, watasema kazi ya pale imeanza kuharibika. Nikawaza yule bibi na miguu yake. Nikawaza mwenzangu, jinsi alivyokonda kwa kungoja, nikajiambia kwamba mtu wa kumsaidia kuvuka anahitajika, na shefu ni mimi. Sababu zote hizo zilikuwa za kweli. Ila iliyonipashia kijiko moto ni ile ya pengo.

Nililitengeneza jicho kwa mkono wake. Namaanisha niliiga: waridi lake, ukingo wake, rangi yake iliyoenea yenyewe. Sikuwahi kutoa ua zuri kama lile, na nilipolifunga pale katikati nilifurahi, furaha safi kabisa ya fundi.

Gasenyi walitandaza turubai uani. Kwa kuwa kaburi halikuwepo, waliitoa ile baiskeli nje, wakaisimamisha mbele ya watu, na mimi nikaambiwa niiegemeze jerbe hapo. Mwenzangu alikuwa jikoni. Alipotoka na sinia la glasi, mama mkwe alikuwa ameshainuliwa kitini na kufikishwa mbele, anapapasa jicho kwa vidole vyake.

"Asante, mutoto wangu," yule bibi alimwambia. "Umekubali. Umeniruhusu nilale."

Watu wakapiga makofi taratibu, kama inavyofanywa. Mwenzangu aliliangalia ua, kisha akaniangalia mimi. Hakuniangalia kwa hasira. Hasira ningeijua, ni mtu wa nyumbani kwangu. Aliniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. Kisha akaweka sinia chini, akapiga magoti, akaishika mikono ya mkwewe na kuiweka kichwani pake. Angefanya nini tena? Ua lilikwisha kusema kwa niaba yake mbele ya ukoo mzima.

Vitu viligawanywa mchana uleule. Baiskeli ilimwangukia shemeji yake. Ni mwenzangu mwenyewe aliyemfungulia geti apite nayo, na magurudumu yalikuwa yamejaa upepo.

Jumatatu alikuja kazini. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, tena niliyataka yale matusi. Akafunga khanga yake kiunoni, akaomba wanga. Mchana nilimfuata kwenye kamba za vitambaa.

"Nilifikiri nakusaidia," nikamwambia.

"Najua, shefu."

Hakuniita dada tena. Miaka ilipita tukikaa meza moja, tukikopeshana mkasi, akinicheka nilipoungua, na kila mara ilikuwa shefu, shefu, kwa adabu kamili. Yule bibi alifariki wiki chache baada ya sherehe, amelala, uso umetulia. Wenzangu waliponisikia nikijilaumu walinitajia kifo kile, wakaniambia nilifanya jambo jema. Inawezekana. Mimi najua ni nani aliyelipia usingizi ule, na hakuwa mimi.

Kuna lililoniuma zaidi, nalo ni dogo. Lile jicho lilipendwa. Watu waliolikuta Gasenyi walikuja wakitaka kama lile, na Hajati, ambaye hakujua lolote, akaweka jingine la namna ileile dirishani mwa duka kama kielelezo. Tukaongeza meza. Tukaajiri wengine. Nilikuwa nikisimama nyuma ya wasichana wapya na kuwaonyesha jinsi ya kuiacha rangi ienee yenyewe, na mwenye waridi lake yuko hatua chache kutoka hapo, ameinama, anakata petali bila kuinua uso.

Redio ilipotangaza kwamba wakubwa wametia sahihi mkataba wa amani, na watu wakasema safari hii ni kweli, tuliweka mikasi chini. Nitasema la kwangu tu: nilifikiria wanga. Nilifikiria meza zote zile, na makochi, na kodi ya banda, nikahisi hofu, halafu nikajionea kinyaa mpaka nikatoka nje kutema mate. Niliporudi, mama wa Gasenyi alikuwa amesimama karibu na redio.

"Njia ya Kajaga nayo watafungua?" aliuliza.

Ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa ameacha kungoja hata siku moja. Nilichomnyima ni mahali pa kungojea.

Mama yangu alifariki kipindi hicho, kwa maradhi ya kawaida, kitandani mwake. Tulikuwa tumegombana. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mama yake, kuhusu makochi yaleyale, kwani makochi ni kitu gani, na nilikuwa nimepanga kwenda kumwomba radhi siku ya mapumziko. Wenzangu wa bandani walikuja nyumbani asubuhi ya maziko. Aliyebeba jerbe alikuwa mama wa Gasenyi.

Kila ua nililijua ni la mkono wa nani. Waridi lake lilikuwa juu, limenyeshewa. Katikati palikuwa wazi, na zile ncha za waya alikuwa amezikunja ndani moja moja, kwa uangalifu, zisimchome mtu. Akaweka mapajani mwangu kifurushi: petali zilizokwisha kukatwa, na kijiko.

"Jicho ni yako, dada," alisema. "Kama uko tayari, utatengeneza. Kama hauko tayari, itaenda vile iko."

Nilikishika kijiko muda mrefu. Waliwasha makaa, makaa yakazimika. Sikuweza, na hakuna aliyenisogelea kunihimiza.

Makaburini, kaburi likifukiwa, mjomba wangu aliliona lile tundu. Ni mtu nadhifu, tumefanana. Alichomoa ua moja la kweli kutoka shada lililokuwa kando, akainama alipachike pale katikati ili pasionekane vibaya. Mama wa Gasenyi akamshika mkono.

"Muache, mzee," alimwambia. "Mwenyewe hajasema."

Mwenzangu akabaki amesimama kando ya jerbe, mpaka udongo ulipokwisha.