Abaya ya Kufichia Bastola ya Mpira

Nilipokuwa polisi Nairobi, katika kitengo cha kulinda wakubwa, nilivaa koti jeusi mwaka mzima, jua liwake lisiwake, na kila mtu alijua kilichokuwa chini yake. Wauza njugu waliniita "afande" kabla sijafungua mdomo. Kwa hiyo nilipopata kazi Riyadh ya kumlinda mwanamke mmoja mfanyabiashara, nikaambiwa kwamba nitavaa abaya, nilijichekea kimoyomoyo ndani ya ndege. Chini ya vazi lile, nilijiambia, mtu anaweza kuficha pipa la maji pamoja na mfuniko wake.

Madam alikuwa na ofisi ya kuagiza samani kule mtaa wa Olaya. Siku ya kwanza alinikalisha akanieleza mambo mawili. La kwanza, mume aliyeachana naye alikuwa akimtumia ujumbe wa vitisho na kumvizia nje ya ofisi. La pili, mama yake aliyeishi Jeddah asijue kabisa. Mama huyo ndiye aliyemtafutia mume yule, tena alikuwa na ugonjwa wa moyo. "Kwa watu wote wewe ni karani wangu," alisema. "Siku mama yangu atakapojua natembea na mlinzi, halas, basi, nakukatia tiketi ya kwenu."

Tiketi ndiyo iliyonitia hofu kuliko yule bwana. Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, na nyumbani nilikuwa nimeaga kwa kishindo: mbuzi wawili, turubai, na hotuba ambayo mimi mwenyewe niliitoa, ndefu, kuhusu mtoto wa kike na upeo wa dunia. Mtu hawezi kurudi kutoka upeo wa dunia baada ya wiki kumi. Shangazi zangu wangeniuliza maswali mpaka nife.

Ilibaki bastola. Sheria ya huku haimruhusu mgeni kama mimi kubeba ya kweli, kwa hiyo madam alininunulia ya mpira, zile za kufundishia, nyeusi na nzito, ambazo kwa mbali huwezi kuzitofautisha. Hoja yake ilikuwa kwamba yule bwana ni mwoga, akiona mpini tu atatafuta njia ya kwao. Mimi, koplo mzima, niliyewahi kumsindikiza waziri msalani, nikapokea bastola ya mpira kwa mikono miwili nikasema asante.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui kuvaa. Abaya yangu ya kwanza ilikuwa ya kitambaa chepesi, nzuri, imeanguka vizuri mwilini. Nilipotoka nayo barabarani, upepo unaopita kati ya yale majengo marefu ukaibana mwilini mwangu yote, na bastola ikajichora kiunoni vizuri kabisa, hata mahali pa kidole ungepaona. Nikarudi ndani nikitembea kinyumenyume.

Ya pili ilikuwa pana, ya mabawa, mikono yake mikubwa kama mapazia ya sebule. Ilificha kila kitu, isipokuwa kwamba mkono wa kulia uliingia kwenye supu ya mgeni wa madam wakati namsogezea kiti. Ya tatu ilikuwa nzito na haikushikwa na upepo, lakini nilitokwa jasho mpaka mkoba wa bastola ukaanza kunuka. Nikaihamishia bastola kwapani. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, nami kilinila ubavu kila gari lilipokata kona.

Na hata pale ilipojificha, haikutoka. Jioni nilifanya mazoezi mbele ya kioo cha chumba nilicholala na dada mmoja wa Mombasa, mfanyakazi wa ndani wa nyumba ile, ambaye alijua siri yote kwa sababu hakuna siri inayompita mtu anayefua nguo zenu. Yeye alikaa kitandani akinipimia muda. Mimi napekua vazi, nashika pindo, nakosa, napekua tena.

"Dadangu," alisema, "mpaka uitoe hiyo, mwenyewe ashazikwa na hitima tushaila."

Ndipo madam akapata mwaliko wa harusi Jeddah. Binti wa kaka yake alikuwa anaolewa, mama yake angekuwepo, na yule bwana alikuwa na dada zake watakaoalikwa, ambao wangeweza kumpa habari za madam ameketi wapi na anatoka saa ngapi. Lazima niwe ubavuni mwake ukumbini, alisema, na lazima nionekane karani. Tulifika siku chache kabla. Nami nikaenda Balad, mji wa kale wa Jeddah, kumtafuta fundi, nimeazimia kuonyesha kwamba nina akili.

Nilimpata mzee mmoja wa Kipakistani katika kichochoro cha washonaji. Nilimweleza ninachotaka: kitambaa kizito kidogo lakini kinachopumua, pindo lililotiwa vipande vya madini ya risasi kama mapazia ya hoteli ili upepo usilinyanyue, mpasuko wa siri ubavuni uliofichwa na utepe wa nakshi, na mbele badala ya zipu, vifungo vya kubana vinavyofunguka kwa mvuto mmoja. Aliuliza mpasuko ni wa nini. Nikasema ni wa simu. Akanitazama, akapima kiganja changu kwa futi yake, akasema simu za siku hizi zimekuwa kubwa, akaendelea na kazi.

Ilipokamilika ilikuwa abaya ya maana. Naisema bila haya, sijawahi kuvaa nguo iliyofikiriwa vile. Bastola ilikaa nyuma kidogo ya nyonga, ikalala, na mkono wangu uliifikia ungedhani naingiza mkono mfukoni kutafuta leso. Nilimpigia yule dada wa Mombasa kwa video nikamzungushia chumba kizima.

"Mashallah," alisema. "Na ndani wavaa nini?"

"Ndani ni ndani," nikamjibu. "Nani ataona?"

Alifungua mdomo anijibu, mtu akamwita kutoka jikoni, akakata simu.

Sasa mtu ataniuliza, wewe uliyekaa nchi hii wiki zote hizo, hukujua? Sikujua. Nyumba zote alizotembelea madam, mimi nilibaki karibu na mlango nimejifunika, nikijipongeza kwa nidhamu. Harusi sikuwahi kuingia hata moja.

Ukumbi ulikuwa wa wanawake watupu. Tuliingia, tukasalimiwa, mabegi yakakaguliwa, simu zikawekwa kwenye vifuko, yote hayo niliyapita nikiwa na furaha ya mtu aliyesomea mtihani. Kisha madam akavua abaya yake akamkabidhi mwanamke wa mlangoni. Ndani alikuwa na gauni la rangi ya zambarau lenye mgongo wazi. Nikageuka. Kila mwanamke aliyeingia alikuwa anavua. Mabinti, mashangazi, vikongwe wenye fimbo, wote wanachomoka kwenye weusi wakitokea na hariri na vito na vifua vilivyopakwa vumbi la kumeta. Mwanamke wa mlangoni akaninyooshea mkono.

Chini ya ile abaya nilivaa suruali ya mifuko ya kando, mkanda wa kiume, na fulana ya manjano niliyopewa kwenye semina ya ufugaji wa kuku, yenye picha ya jogoo kifuani.

"Nasikia baridi," nikamwambia.

Madam alinitazama mara moja tu, akaelewa, na uso wake ukafa. Hakuweza kusema neno kwa sababu mama yake alikuwa ameshamshika mkono.

Nilikwenda nikakaa ukutani. Miezi miwili na zaidi nilihangaika nisionekane, na sasa nilikuwa kitu cheusi pekee katika bustani ya maua. Wanawake walinong'ona. Mwanamke asiyevua abaya harusini, nilikuja kuambiwa baadaye, hushukiwa kwamba ana kamera, au ni mwanamume. Wasichana wawili walipita karibu wakaniangalia kidevu. Nikajaribu kutabasamu kikarani.

Kisha nikamwona mama yake madam anakuja. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye hina mikononi, na alikuja polepole kati ya meza huku watu wakimpisha. Nilisali asiwe anakuja kwangu. Akakaa kwenye kiti kilichokuwa kando yangu, akanishika goti.

"Binti yangu," akasema kwa sauti ya chini, "huna gauni?"

Macho yake yalikuwa na huruma kabisa, na ile huruma iliniumiza kuliko kama angenifokea. Nikasema sina, mama. Ilikuwa kweli. Akasimama, akanivuta mkono, na mimi niliyefunzwa kumwangusha mwanamume wa kilo tisini nikafuata kama mbuzi. Tulipita kando ya jukwaa la bibi harusi tukaingia chumba cha kubadilishia nguo. Akafunga mlango, akachagua gauni la kijani kwenye kamba, akalipima kwa macho begani kwangu. Nikaanza kusema kwamba nitavaa mwenyewe. Hakunisikia. Alishika abaya yangu kifuani, akavuta, na vile vifungo nilivyovichagua kwa sababu vinafunguka haraka, vikafunguka haraka.

Alitazama jogoo. Kisha akatazama kiunoni.

"Mpira, mama," nikasema, na Kiarabu changu chote cha kuokoteza kikanikimbia. "Mpira tu. Si kweli. Mchezo." Nikaichomoa nikaikunja mbele yake ili aone.

Aliichukua. Akaikunja naye, akainusa, akaigeuza. Hakushika moyo, hakulia. Akauliza, "Karani gani hubeba hii? Na huyo anayemtisha mwanangu, naye ni wa mpira?"

Nilijua jibu ambalo lingeokoa kazi yangu. Lilikuwa fupi na lilikuwa tayari mdomoni. Lakini mwanamke yule alikuwa amenifuata mpaka ukutani kwa sababu alidhani sina nguo, na sikuweza kumdanganya.

"La, mama," nikasema.

Mlango ukafunguliwa, akaingia madam, amepauka. Alimwona mama yake ameketi na bastola mapajani, akaniona mimi na jogoo wangu, na katika jicho lake nikaiona tiketi, hata kiti cha dirishani nikakiona. Tiketi ile haikukatwa, lakini wakati ule sikujua.

"Ni yule?" mama yake akamuuliza.

Madam akaitikia kwa kichwa.

"Nilimleta mimi nyumbani kwetu," yule bibi akasema. "Ulitaka kunificha mpaka lini?"

Mficha uchi hazai, husema watu, na madam alikuwa ameficha mwaka mzima. Alikaa chini sakafuni na gauni lake la zambarau, akalaza kichwa kwenye mapaja ya mama yake, akalia kwa sauti. Tangu nimjue, kila alipokaa alitazama mlango kwanza. Safari hii aliupa mgongo. Nilisimama pale nikaona aibu kwa ajili ya kile kitambaa chote, vipande vya risasi, utepe, mpasuko, na nilihuzunika kwa ajili yake kwa namna ambayo haikuwa kwenye mkataba.

Nje mtu akagonga, anataka mafuta ya midomo yake. Yule bibi akainua uso akanitazama, mkono wake bado kwenye nywele za mwanawe.

"Wewe," akasema, "simama mlangoni. Asiingie mtu."

Nikatoka nikasimama mlangoni, abaya wazi, jogoo kifuani, mkoba mtupu kiunoni, harusi nzima ikinitazama. Hakuingia mtu. Ndiyo kazi ya kwanza niliyoifanya sawasawa tangu nishuke kwenye ndege.