Kadi Niliyompa Aliyepigwa

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Handeni, na mwisho wa wiki ni refa. Wanaume walinicheka mpaka wakachoka. Aliyenifundisha kupuliza filimbi ni mume wangu. Nikiwa katikati, yeye hushika kibendera pembeni. Nilimwamini kuliko macho yangu.

Siku hiyo tulichezesha Korogwe, timu ya mjini na vijana wa Mashewa. Kwa Mashewa alikuwemo mpwa wa mume wangu, mtoto wa marehemu dada yake, ambaye mume wangu alimlea tangu hajaota meno. Mtasema tulipaswa kukataa mechi. Haya, kataeni nyie! Huku kwetu kila mchezaji ni ndugu wa mtu. Ukikataa kwa undugu hutachezesha hata bonanza.

Kipindi cha pili mjini walipiga kona, kipa akaudaka mpira na kuurusha mbele. Nikageuka kuukimbiza. Nyuma yangu watu wakapiga ukelele. Kuangalia, beki wa mjini yuko chini, mikono usoni, damu inapita katikati ya vidole. Kando yake mpwa wetu amechuchumaa, anafunga kamba za viatu.

Yule beki nilimjua, fundi cherehani wa sokoni Korogwe, aliwahi kunishonea gauni la Idi. Nikakimbia kwa mume wangu, maana ilitokea hatua chache tu kutoka aliposimama.

"Umeona nini?"

"Sikuona. Nilikuwa natazama mpira."

Basi. Jambo ambalo sijaliona mimi wala msaidizi wangu, siwezi kumtolea mtu kadi nyekundu, hata uwanja mzima upige kelele. Nikawaeleza hivyo. Fundi akainuka akipepesuka, akanifokea, "We mama ni kipofu!" Nami nina hasira za karibu. Nikamwonyesha kadi ya njano. Mtu damu zinamtoka, mimi naandika namba ya jezi yake! Mungu anisamehe.

Siku ya tatu nikaenda kumwona hospitali. Alikuwa ameshaambiwa jicho la kulia halitaona tena. Aliposikia sauti yangu alijikokota akakaa.

"Shikamoo mama."

Badala ya marahaba nikamwomba radhi, nikamwambia hatukuona, si mimi wala mwenzangu.

"Wewe hukuona," alisema taratibu, kana kwamba mgonjwa ni mimi. "Yule mzee aliona. Nilipoanguka nilimtazama kwa jicho lililobaki. Aliinua kibendera, akamwangalia yule kijana, akakishusha."

Nilirudi Handeni. Mume wangu alikuwa amenifunikia chakula. Nilimuuliza mara moja tu, wala hakukana.

"Wangemfungia," alisema. "Dada hakuniachia kingine ila yeye."

Akaanza kulia. Na mimi nililia, nikimlilia fundi, nikimlilia na yeye, maana najua alivyompenda dada yake. Nilitaka kumshika mkono. Mkono haukwenda. Nilikuwa nakumbuka alivyonitazama usoni pale uwanjani, bila hata kupepesa, akaniambia hakuona.

Kesho yake nilipeleka ripoti mpya kwa chama chetu cha waamuzi, nikaandika yote. Mpwa alifungiwa, mume wangu akanyang'anywa kibendera. Hakunigombeza. Tunaishi, tunakula pamoja, tunaulizana hali. Lakini siku hizi akiniambia mvua inanyesha, natoka nje kuangalia.