Ramani yangu imempeleka mteja chooni

Leo ramani yangu imempeleka mwalimu mzima chooni.

Mnajua nimekuwa nikitengeneza ramani kwenye tovuti ya kikundi chetu cha akina mama hapa Bulla Pesa. Ukibonyeza alama, unaona jina la mama, kazi yake na namba ya simu. Hakuna kuandika programu, ni kuburuta alama tu na kidole. Wiki mbili nimekuwa nikiitengeneza na kujisifu nayo.

Asubuhi tukapata mteja wa kwanza, mwalimu kutoka Chechelesi anayetaka kushonewa nguo za harusi ya binti yake. Akafuata alama ya Mama Ekiru, fundi wetu wa cherehani.

Mimi na Mama Ekiru tukawa tunamngoja dukani kwake. Simu ikalia.

"Dada, nimefika. Lakini hapa ni choo cha ploti ya wapangaji, na kuna mtu ndani."

Nilitamani ardhi inimeze.

Mama Ekiru, ambaye huwa ananiletea meseji zake nimsomee, akasema, "Leta hiyo simu yako."

Akaweka kidole kwenye alama yake, akaivuta polepole mpaka pale duka lilipo.

"Ni hivyo tu?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulichukua wiki mbili?"

Mwalimu akafungua ramani upya, akafika baada ya dakika tano, akaagiza nguo sita.

Jioni hii kikundi kimemchagua Mama Ekiru msimamizi wa ramani. Mimi nimepewa kazi ya kupika chai mkutano ujao.

Semeni ukweli, nimeonewa ama nimestahili?